Mlima wa Jemadari: Kambi ya Kifahari ya Samburu na Kiswahili Chake

Kaskazini mwa Kenya, juu ya nyika kavu za Samburu, imeinuka safu ya milima yenye misitu ambayo wenyeji huiita Ldoinyo Lenkiyio. Ramani nyingi, na pamoja nazo maandishi ya kambi za kifahari zilizojengwa chini ya milima hiyo, huiita Mathews. Jina hili la pili lilitoka Unguja. Lloyd Mathews alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza ambaye mwaka 1877 Sayyid Barghash alimkabidhi kazi ya kuunda jeshi la Usultani wa Zanzibar. Mwaka 1891 akawa waziri wa kwanza wa serikali ya huko. Mwaka 1888 msafara wa Samuel Teleki, mkabaila wa Hungaria, na Ludwig von Höhnel, afisa wa majini wa Austria, ulipita Samburu ukielekea ziwa ambalo leo huitwa Turkana. Wasafiri hao walikuwa na deni la fadhila kwa jemadari aliyewasaidia walipokuwa Unguja, nao wakalilipa kwa mlima usiokuwa wao.

Msafara huo haukuwa wa Wazungu wawili peke yao. Mizigo yake ilibebwa na mamia ya wapagazi walioajiriwa pwani, na miongoni mwa waliofuatana nao alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa amefuatana na Joseph Thomson katika nchi ya Wamaasai. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, na manung'uniko ya waliobeba mizigo yalikuwa kwa Kiswahili. Neno lililotaja shughuli yao lilikuwa safari, nalo kwa Waswahili lilikuwa na maana pana kama lilivyo leo: mtu huenda safari ya Tanga kumzika shangazi yake, safari ya hija, safari ya kutafuta riziki Maskati. Waingereza walilichukua neno hilo katika karne ya 19, wakalifanya la uwindaji, kisha la kutazama wanyama. Sasa limerudi Samburu likiwa limepunguzwa maana na kuongezewa bei.

Kwa sababu hiyo, msomaji wa Kiswahili aliyeko Oman, Uingereza au Marekani hawezi kuitazama kambi ya kifahari ya Samburu kama jambo la watu wengine. Kambi ni matini: ina msimulizi, ina wahusika, ina mpangilio wa matukio, na ina lugha tatu zilizopangwa kwa ngazi. Kiswahili kimo ndani ya mpango huo tangu msafara wa Teleki. Swali la kihakiki ni kazi gani kimepewa humo.

Mpangilio wa matukio haubadiliki sana kutoka kambi moja hadi nyingine. Ndege ndogo hutua kwenye uwanja wa vumbi. Kijana aliyejifunga shuka na kuvaa shanga kifuani humpokea mgeni na kumpa kitambaa baridi cha kupangusia uso. Gari lisilo na madirisha hukata nyika kufuata mto Ewaso Nyiro, na njiani mgeni huonyeshwa choroa, swala twiga, mbuni wa Kisomali, twiga wa madoa ya wavu na punda milia wa Grevy mwenye michirizi myembamba. Hufika kwenye hema la turubai lenye kitanda cha magogo na bafu lililo wazi kwa nyota. Jioni kuna moto na hadithi. Siku ya pili hupelekwa bomani kuona ngoma na kununua ushanga. Siku ya tatu au ya nne ndege hurudi kumchukua. Hadithi hii imesukwa vizuri, na mambo yake mengi ni ya kupendeza kwa haki. Kilichokosekana ni mgogoro. Ukame uliomaliza ng'ombe kati ya mwaka 2020 na 2023, wizi wa mifugo, karo za shule, mabishano kuhusu ardhi: yote hayo yamewekwa nje ya uzio wa matini, na mgeni huyasikia tu iwapo atauliza, na iwapo aliyeulizwa ataona inafaa kujibu.

Lugha tatu za kambi zimegawiwa kazi tatu. Kiingereza husimulia: ndicho kinachoeleza mila, kutaja idadi ya tembo na kutafsiri wimbo. Kisamburu, ambacho ni lahaja ya Kimaa, huimba. Kiswahili hukaribisha na kuhudumia. Ni lugha ya karibu, asante, chai, pole pole, na zaidi ya yote ni lugha ya jambo. Mzawa wa Kiswahili anajua kwamba salamu yenyewe ni hujambo, nayo ni swali: huna jambo? Anayejibu sijambo anamhakikishia mwenzake kwamba halijamfika la kumfika. Kiswahili cha kambi kimekata kiambishi cha kukanusha, kikakata na swali, kikabakisha jambo tupu linalorushwa kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Wasamburu wenyewe husalimiana kwa neno serian, yaani amani, wakaulizana habari za watoto, za mifugo na za mvua, kila moja kwa zamu yake. Salamu zote mbili, ya pwani na ya nyikani, zimejengwa juu ya hofu ileile ya kwamba huenda kuna baya lililotokea tangu watu walipoonana mara ya mwisho. Kambi imeziondolea zote mbili hofu hiyo, na pamoja na hofu umeondoka wajibu wa kusubiri jibu.

Maneno mengine yanayodaiwa kubeba utamaduni yamepitia mkono huohuo. Manyatta, katika Kimaa, ni makazi ya moran. Boma la familia ya Kisamburu huitwa nkang. Maandishi ya kambi huliita kila boma manyatta, kwa kuwa neno hilo lina mlio ambao wasomaji wa ng'ambo wamekwisha kuuzoea. Neno moran lenyewe hutafsiriwa kuwa shujaa wa vita, kisha huchukuliwa kama kitambulisho cha kudumu. Kwa Wasamburu umoran ni kipindi cha maisha chenye mwanzo na mwisho. Takriban kila miaka 14 hufunguliwa rika jipya: Lkiroro mwaka 1976, Lmooli mwaka 1990, Lkishami mwaka 2005. Waliotahiriwa katika rika moja hupanda pamoja, huoa, huwa wazee, na kuwaachia wadogo zao rangi nyekundu na nywele ndefu. Mtu akisema yeye ni Lmooli amejiweka mahali pake katika historia, kama msomaji wa pwani anavyomweka mtu kwa kutaja mtaa na ukoo. Maandishi ya kambi hayana rika. Yana moran mmoja asiyezeeka, anayesimama kwa mguu mmoja juu ya mwamba wakati jua linatua, na msomaji wa mwaka huu humkuta palepale alipoachwa na msomaji wa mwaka 1990.

Pengo kati ya picha na maisha huonekana waziwazi zaidi mezani. Paul Spencer, katika kitabu chake *The Samburu* cha mwaka 1965, alieleza jinsi heshima, kwa Kisamburu nkanyit, inavyoshikilia mahusiano ya wazee, vijana na wanawake. Jon Holtzman, katika *Uncertain Tastes* cha mwaka 2009, aliifuata heshima hiyo hadi kwenye chakula. Moran hufungwa na mwiko wa lminong: hali nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa, wala hali peke yake, hata maziwa hutakiwa ayanywe akiwa na mwenzake. Kula, kwa moran, ni tendo la kuthibitisha kwamba si mtoto tena anayelishwa na mama yake. Mwiko huo umelegea hapa na kukaza kule, na Holtzman anaeleza mabadiliko hayo kwa kirefu, lakini maana yake haijafutika. Sasa mpeleke kijana huyo kwenye meza ndefu iliyowashwa mishumaa chini ya migunga, wageni wake wanawake kwa wanaume wakila kwa saa mbili. Asipogusa kitu, mgeni ataona adabu ya mhudumu. Mwenzake wa rika akipita hapo ataona lminong. Ni tendo moja lenye maana mbili, na matini ya kambi imechapisha moja tu. Msomaji mwenye kudai kwamba kambi imesimama juu ya utamaduni wa Wasamburu anapaswa kuanzia hapo, penye jambo ambalo haliimbwi wala haliuzwi.

Kambi hazikuibuni namna hii ya kuandika. Zimeirithi. Corinne Hofmann, Mswisi, alichapisha *Die weiße Massai* mwaka 1998, kumbukumbu za ndoa yake na moran aliyekutana naye pwani ya Mombasa na kumfuata hadi Barsaloi. Mume alikuwa Msamburu. Kitabu kikaitwa cha Mmaasai, na kwa jina hilo kikauza mamilioni ya nakala. Filamu yake iliyoongozwa na Hermine Huntgeburth ikatoka mwaka 2005, na nafasi ya mume ikachezwa na Jacky Ido, mzaliwa wa Ouagadougou. Jina la kabila jirani na sura ya mtu wa Burkina Faso vilitosha kumjaza Msamburu machoni pa watazamaji. Pwani yenyewe ina sehemu yake katika hadithi hiyo. Kwa miongo kadhaa vijana wa Samburu wameshuka Mombasa kucheza ngoma hotelini na kuuza ushanga ufukweni, na George Paul Meiu, katika *Ethno-erotic Economies* cha mwaka 2017, amefuatilia jinsi fedha walizorudi nazo zilivyobadili maana ya heshima na ya kuwa mtu wa kwao. Hapo Mswahili hakuwa mtazamaji wa mbali. Ngoma ilichezwa kwake, mbele ya watalii waliokuwa wageni wake.

Kwa wasomaji wa Oman kuna jina la karibu zaidi. Wilfred Thesiger, aliyevuka Rub al-Khali pamoja na Mabedui na kuandika *Arabian Sands* mwaka 1959, aliishi miaka mingi ya uzee wake Maralal, katikati ya Wasamburu, hadi mwaka 1994. Alichokiomboleza jangwani kwa sababu ya mafuta na magari ndicho alichokitafuta Samburu: watu ambao, machoni pake, dunia ya mashine haikuwa imewafikia vya kutosha. Maombolezo ya namna hiyo yana ufasaha, na yana upendo ndani yake. Lakini humfanya anayeombolezwa awe wa mwisho wa aina yake kila anapotajwa. Mtu aliyewahi kulala katika kambi ya kifahari ya mchanga wa Sharqiyah, akapokewa kwa kahawa na tende na kusimuliwa habari za Bedui wa asili, ataitambua sauti ileile akifika Samburu. Kilichobadilika ni vazi la anayempokea.

Linganisha na tembo. Watafiti wa Save the Elephants, shirika lililoasisiwa na Iain Douglas-Hamilton mwaka 1993, wamewatambua tembo wa Samburu mmoja mmoja na kuzipa jina familia zao. Mgeni wa kambi huambiwa jina la tembo jike, la mama yake, la ndama wake, na mwaka alionusurika majangili. Mwezi Juni 2024 utafiti uliochapishwa katika jarida la *Nature Ecology & Evolution*, kwa kutumia sauti zilizorekodiwa Samburu na Amboseli, ulionyesha kwamba tembo huitana kwa milio inayofanana na majina. Ni ugunduzi wa kustaajabisha, na haumpunguzii mtu yeyote heshima. Hata hivyo unaiumbua fasihi ya kambi. Ndani yake tembo ana jina, nasaba na wasifu, naye kijana anayemwonyesha mgeni tembo huyo huandikwa kama moran wetu, au kwa jina fupi la Kiingereza alilopewa ili liwe rahisi kutamkwa.

Uhakiki wa haki haupaswi kuishia hapo. Hifadhi ya jamii ya Namunyak, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika nchi iliyokuwa imekaribia kumalizwa tembo na kifaru na ujangili, ni ya Wasamburu, na kambi ya Sarara iliyomo ndani yake hulipa kwa kukaa hapo. Kituo cha Reteti cha kulelea ndama wa tembo waliopoteza mama, kwa hesabu nyingine yoyote kingekuwa mradi wa wageni. Kilipofunguliwa mwaka 2016 kilitajwa kuwa cha kwanza barani kumilikiwa na jamii, na miongoni mwa walezi wake wamo wanawake wa Kisamburu. Mishahara hiyo hununua unga na hulipa karo. Anayeidharau kutoka sebuleni kwake London hana jipya la kumwambia mama anayeipokea. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imewapa wenyeji haki ya kuuliza ni nani aliyekubali nini kwa niaba yao, na Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili katika kaunti jirani ya Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria. Hifadhi moja si sawa na nyingine. Ila swali ni lilelile kwa zote, nalo ni swali la uandishi pia: nani alitia saini, na alisoma nini kabla ya kuitia?

Kuna mahali pamoja ambapo matini ya kambi hukutana na matini nyingine yenye nguvu kuliko yake. Wakati wa kiangazi moran huchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Kisima kikiwa kirefu, hushuka na kusimama mmoja juu ya mwingine, wakapokezana ndoo hadi juu kwenye birika, huku wakiimba. Kila familia ina wimbo wake, na ng'ombe wanaujua wimbo wa kwao: kundi hungoja mbali, likisikia lake huja kunywa, mengine yakabaki yamesimama. Wageni wa kambi huletwa kuona, na huambiwa waweke kamera chini.

Agizo hilo ndilo tamko bora la kihakiki katika ukaaji mzima. Wimbo wa kisimani haukutungwa kwa ajili ya mgeni. Una hadhira yake, na hadhira hiyo ina kiu. Ubora wake hupimwa kwa jambo moja tu, kwamba ng'ombe waliokusudiwa wamekuja na wasiokusudiwa wamekaa. Mgeni anaruhusiwa kuwapo, haruhusiwi kuondoka nao. Kwa dakika chache anakuwa msomaji wa kawaida wa fasihi ya watu wengine: anasikia, haelewi yote, na hana namna ya kujifanya kwamba wimbo ulikuwa unamwita yeye. Kila kitu kingine kambini, tangu kitambaa baridi hadi moto wa jioni, kimepangwa ili asipate hali hiyo.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hunukuliwa mara nyingi kama onyo dhidi ya uvivu, lakini ina upole ndani yake: jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni na kumtia katika kaya. Kambi ya kifahari imefuta siku ya tatu. Kwa kuwa mgeni amelipa, hadaiwi mkono wake, na kwa kuwa hadaiwi, hawezi kuwa wa hapo hata akirudi kila mwaka. Hali hii humgusa zaidi mtoto wa ughaibuni, aliyezaliwa Minneapolis au Birmingham kwa wazazi wa Mombasa au Unguja, anayekwenda Samburu akiwa na Kiswahili cha nyumbani na pasipoti ya nchi nyingine, akidhani anarudi kwao. Samburu si kwao. Babu zake wa pwani walipita huko na misafara, na lugha yake ndiyo iliyobeba mizigo iliyoleta jina la Mathews. Akitamka hujambo kamili, akangoja jibu, huenda mhudumu akamjibu kwa Kiswahili kisichokuwa cha kazi, na huenda asijibu. Vyote viwili ni halali yake.

Jembe la mhakiki ni dogo, lakini lipo. Kuna riwaya, tamthilia na mashairi mengi ya Kiswahili kuhusu mji, shamba, ofisi na bandari. Kambi ya kifahari, penye wafanyakazi wengi wanaotumikia kwa lugha hii, imeachiwa waandishi wa matangazo. Mpishi wa kambi, dereva, mlinzi wa usiku, mwanamke anayeshona ushanga kwa kupimiwa bei na mtu mwingine, moran aliyekwisha kuwa mzee na bado anaitwa moran kazini: hawa ni wahusika wanaomngoja mwandishi, na baadhi yao wanaweza kuwa waandishi wenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kisamburu. Mpaka watakapoandika, majarida ya Kiswahili yanaweza kuanza na lililo katika uwezo wao. Milima ile inapotajwa, itajwe Ldoinyo Lenkiyio. Jina la Mathews liwekwe baada yake, pamoja na maelezo ya alikuwa nani, alimtumikia nani Unguja, na ni wapagazi wa lugha gani waliokuwapo siku mlima huo ulipotolewa zawadi.